Nakumbuka kila kitu, ila muda ukiwa umeshapita

Barua

Habari zenu washauri,

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Masasi, mkoani Mtwara. Nina duka dogo la vyakula jirani na soko la Mkuti, watoto watatu, na naishi na mama mkwe anayetumia dawa ya presha, kidonge kimoja kila usiku. Baba watoto msimu huu wa korosho haonekani nyumbani: leo yupo shamba, kesho yupo ghalani, keshokutwa anafuatilia malipo ya mnada. Mambo yote ya nyumba yamebaki kichwani kwangu, na kichwa kimegoma.

Shida yangu si kwamba sijui. Najua, ila nakumbuka muda ukiwa umeshapita. Mtoto wa mwisho alitakiwa chanjo ya surua ya miezi 18. Kadi ipo kabatini, tarehe imeandikwa, mimi nimekuja kushtuka wiki tatu baadaye, na mpaka leo sijampeleka. Mzigo wangu ulikaa stendi siku mbili na risiti ninayo kwenye pochi. Mwezi wa sita tuliruka awamu moja ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nikumbushe. Maharage nimeunguza mara mbili ndani ya wiki moja, sufuria ya pili nimeitupa. Naingia stoo, nasimama katikati, nimefuata nini? Sijui. Wateja wanaokopa sura zao nazijua, ila jina na kiasi vinanipotea. Namba ya NIDA ndiyo kabisa, kila nikiulizwa natafuta kitambulisho nyumba nzima.

Kilichonitisha ni juzi. Nilimpa mama dawa yake, kumbe binti yangu wa darasa la sita alikuwa ameshampa. Mama akaamka na kizunguzungu. Hakuanguka, tunamshukuru Mungu.

Alamu ya simu ninayo lakini hainisaidii. Mara inalia nampimia mtu unga, naizima, basi imeishia hapo. Mara naitegesha ilie saa mbili usiku, inalia asubuhi. Shoga yangu ananiambia nimechezewa. Kuna kijana anapita na chupa za vidonge vya ginkgo, anasema vinarudisha akili, chupa shilingi 35,000. Mama yangu mzazi alikuwa msahaulifu sana uzeeni, naogopa isije ikawa ndiyo imeanza. Nifanyeje?

Mama Duka, Masasi

Jibu

Dada yetu wa Masasi, tuanze na la hatari, mengine yatasubiri.

Dawa ya mama mkwe haikutolewa mara mbili kwa sababu mtu alisahau. Wewe ulikumbuka, na binti naye alikumbuka. Kilichokosekana ni alama ya kumwambia wa pili kwamba wa kwanza ameshamaliza. Kwa hiyo kwanza mtoaji awe mmoja, na awe wewe. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukukumbusha, lakini dawa ya presha itoke mkononi mwa mtu mzima. Pili, chukua paketi ya vidonge, igeuze nyuma, na kwa kalamu ya maka andika tarehe juu ya kila kidonge: 12, 13, 14, mpaka paketi iishe. Andika tarehe, usiandike jina la siku, maana "Jumanne" iliyobaki haikuambii kama ni ya wiki hii au ya wiki iliyopita. Usiku wa tarehe 15 ukikuta namba 15 imeshatobolewa, mama ameshapewa, hakuna ubishi. Ukikuta 14 bado ipo, jana ilirukwa. Usivitoboe vyote mapema ukavipanga kwenye vikopo, kwa sababu joto na unyevu huharibu baadhi ya vidonge vikishatoka kwenye ganda lake.

Kama dawa yenu hutolewa kwa kuhesabiwa ikatiwa kwenye bahasha, bandika nyuma ya mlango wa chumba cha mama karatasi yenye vyumba 30, kalamu ining'inie hapohapo kwa uzi. Tiki iwekwe mama akishameza, isiwekwe kabla. Tiki ya kabla ndiyo inayodanganya: umeiweka, mtu amebisha hodi dukani, umerudi, karatasi inasema ameshameza na kidonge kiko mezani.

Dozi ikirukwa mkakumbuka siku ileile, mpeni. Mkikumbuka kesho yake muda wa dozi nyingine umekaribia, mpeni hiyo moja tu, msifidie. Ikitokea tena amepewa mbili, ulizeni kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha huchukua saa nyingi kufikia nguvu yake. Awe amekaa au amelala, asiinuke ghafla, na usiku asiende chooni peke yake. Akizimia, au akawa haamki vizuri, ni hospitali bila kungoja kupambazuke.

Sasa wewe. Ndani ya barua yako kuna usahaulifu wa namna tatu, nawe umeuchanganya ukaupa jina moja, "kichwa kimegoma". Maharage ni namna ya kwanza: jambo halikuwahi kuingia, kwa sababu ulipobandika sufuria mawazo yalikuwa kwa mteja. Hakuna cha kukumbuka pale, maana hakuna kilichohifadhiwa. Chanjo, mzigo na salfa ni namna ya pili: jambo limo kichwani ila halijitokezi kwa wakati wake. Majina na namba ni namna ya tatu. Hii ya pili ndiyo inayokutesa zaidi, na ndiyo tutakayokaa nayo.

Akili ya mtu haina saa ndani inayogonga ukifika muda wa jambo. Hukumbuka ikikutana na kitu kinachohusiana na jambo lenyewe. Ndiyo maana unapita mbele ya zahanati jioni imeshafungwa, na hapo ndipo chanjo inapokujia. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba anayepanga kwa sura ya "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitafanya". Usiseme "kesho nitafuata mzigo". Sema, "Mchana nikishafunga kufuli la duka, nitakwenda stendi kwanza, nyumbani baadaye." Kufuli utalifunga tu, na ukilifunga mzigo utakuja wenyewe kichwani. Itamke kwa sauti usiku kabla ya kulala, mara mbili au tatu, huku ukijiona umeshika lile kufuli.

Alama ya kuegemea uichague kwa makini. "Baada ya chakula" ni dhaifu, kwa sababu chakula hakina mwisho unaoonekana: mtu anakula, anaongea, anapokea simu. "Nikishanawa baada ya kula" ina nguvu zaidi, ni tendo moja lenye mwanzo na mwisho. Adhana nayo ni alama nzuri sana huku kwetu, inasikika hata kwa asiyeswali, na saa zake husogea kidogokidogo tu kwa mwaka mzima. Dawa ya mama ukiifunga na adhana ya isha utakuwa umepata mtu wa kukukumbusha bila malipo. Ila jua inapovunjikia. Ramadhani ikiingia, baada ya isha kuna tarawehe, mlo umehama, wageni wamejaa, na ile alama uliyoizoea imezungukwa na mambo mengine. Msiba na safari ni vivyo hivyo. Mazoea yakibadilika, chagua alama mpya siku hiyohiyo, usisubiri uone dozi tatu zimerukwa.

Vitu navyo vinakumbusha kuliko maneno, mradi vikae njiani. Risiti ya mzigo kwenye pochi imelala na risiti nyingine. Ifunge kwa mpira kwenye ufunguo wa duka, kiasi kwamba huwezi kufungua mlango bila kuigusa. Kadi ya kliniki usiku wa kuamkia siku yenyewe itoke kabatini, iingie kwenye mfuko pamoja na nauli, mfuko uning'inie kwenye komeo la mlango wa kutokea. Usiku huohuo, lakini, si wiki moja kabla. Kitu kikikaa mahali siku nne au tano jicho linakizoea na kukipita kama ukuta. Karatasi mlizobandika kwenye friji tangu mwaka jana hazimkumbushi mtu chochote. Na ule mtindo wa kufunga uzi kidoleni tusiupe sifa usizostahili: unakwambia kuna jambo, haukwambii jambo gani.

Hiyo chanjo, mpeleke siku ya kliniki inayokuja. Surua hutolewa miezi 9 na miezi 18. Kuchelewa hakufuti ile ya kwanza, wala mtoto haanzi upya.

Tuje kwenye alamu, maana umeieleza vizuri kuliko unavyodhani. Kosa la saa mbili usiku ni la saa zetu na saa za simu kupishana kwa saa sita, na linawapata watu wengi kila siku. Kwa mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00. Kwa usiku, kuanzia saa moja hadi saa tano, ongeza 18: saa mbili usiku ni 20:00. Saa sita usiku ni 00:00. Ingia kwenye mipangilio ya saa ya simu, uweke mfumo wa saa 24, na hapo ule mkanganyiko wa asubuhi na jioni unaisha. Kisha, kila ukitegesha, soma ujumbe mfupi unaotokea chini ya simu janja nyingi ukisema alamu italia baada ya saa ngapi. Kama sasa ni saa kumi jioni na unataka saa mbili usiku, lazima iseme saa 4. Ikisema 16, umekosea. Kwa kitochi kisichotoa ujumbe huo, iangalie saa uliyoandika mara ya pili kabla ya kubonyeza kuhifadhi. Ukipewa miadi kwa ujumbe wa simu, kama "saa 3:00", uliza palepale ni saa tatu yetu au 3:00 ya mchana, ambayo kwetu ni saa tisa.

Kosa la pili la alamu ni kuitegesha kwa saa ya jambo lenyewe, wakati inatakiwa kulia saa ambayo mikono yako iko huru. Unajua duka lako linajaa lini. Kama watu wanafurika jioni kabla ya magharibi, usiweke alamu yoyote hapo. Iweke dakika ishirini baada ya msukosuko kupungua, au kabla haujaanza. Na sheria iwe moja: alamu haizimwi mpaka jambo lifanyike. Ikilia umeshika mzani, bonyeza kuahirisha, ile ya kulia tena baada ya dakika kadhaa, hata kama itakusumbua mara nne. Kusumbua ndiyo kazi yake. Ukibonyeza kuzima kwa nia ya "nikimaliza na huyu", umerudisha jambo kichwani, mahali palepale lilipopotelea.

Alamu uipe jina, na jina lianze na kitenzi. "Kliniki" haitoshi, itakufanya uanze kufikiri. "Toa kadi kabatini, weka nauli" inakuinua kitini. Kwa miadi yoyote weka mbili: moja jioni ya kuamkia, ya kuandaa, nyingine asubuhi ya siku yenyewe, ya kuondoka. Usiwe na alamu zaidi ya tano au sita kwa siku. Zikizidi utaanza kuzizima bila kusoma, na hapo zote zinakuwa kelele. Kumbuka pia simu janja nyingi zikizimika chaji hazilii, kwa hiyo jambo ambalo haliwezi kukosewa liwe na maandishi mahali pengine.

Mahali hapo ni daftari. Moja tu. Ukiwa na daftari la nyumbani, karatasi za dukani na jumbe za simu, utatumia muda kukumbuka uliandika wapi. Nunua dogo la kuingia mfukoni, kalamu ifungwe kwa uzi, likae kwenye droo ya pesa mchana na kando ya kitanda usiku. Kila siku ukurasa wake. Usiku baada ya kufunga hesabu, andika mambo matatu hadi matano ya kesho, hayazidi hapo, kila moja likiwa na alama yake pembeni: "mzigo – kufuli la mchana", "ada ya Rehema – nikifungua droo asubuhi". Asubuhi kabla ya kufungua duka, lisome. Dakika mbili. Lililobaki bila kufanyika lihamishie ukurasa wa kesho kwa mkono wako, na likihamishwa mara tatu, amua: unalifanya leo, unampa mtu, au unalikata. Orodha ya mambo ishirini yanayohama kila siku hufanya mtu aache kulifungua daftari, na hilo ndilo linalowashinda wengi, wala si uvivu.

Kurasa mbili za mwisho ziwe za mwaka: tarehe ya leseni ya biashara kwisha, na malipo ya kodi ya mapato ya kila robo kama unakadiriwa kwa mwaka wa kalenda, yaani kabla ya kupita 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kila Ijumaa zitazame pamoja na kalenda ya ukutani, siku saba zijazo tu.

Salfa ina hesabu yake, na kukumbuka kwake ni rahisi kuliko mlivyofanya. Salfa ya unga hurudiwa kila siku 14, na dawa nyingi za maji kila siku 21, ili ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, usipate nafasi kwenye majani machanga na maua. Siku 14 ni wiki mbili kamili, kwa hiyo awamu zote huangukia siku ileile ya wiki. Siku ya awamu ya kwanza, kabla bomba la kupulizia halijaoshwa, andikeni tarehe zote zinazofuata. Mkianza 3 Juni, ni 17 Juni, 1 Julai, 15 Julai na 29 Julai. Ziandikeni kwenye kalenda ya nyumbani, na tena kwa kalamu ya maka kwenye mfuko wenyewe wa salfa, mpulizaji ataziona. Awamu ikichelewa siku nne, hesabuni upya kuanzia siku mliyopuliza kweli, mfute tarehe za zamani. Zikiachwa zote mbili kwenye kalenda, mtabishana Julai nzima. Na pia, dada, mkumbushaji na mtendaji wakiwa watu wawili, jambo huanguka katikati. Mwenye bomba awe na tarehe zake.

Maharage sasa. Usitegemee pua. Harufu ikikufikia dukani, chini kumeshashika. Ukitoka jikoni sufuria ikiwa motoni, toka na mwiko mkononi, uuweke juu ya mzani. Utaonekana kituko kwa wateja, lakini hutampimia mtu sukari bila kuuona. Ongeza na alamu ya dakika 20, ukijaza maji ya kutosha dakika hizo. Kama ni mkaa, punguza makaa kabla ya kutoka, usiseme utarudi kupunguza. Kwa yale mambo ya "hivi nimefunga gesi?" na "hivi stoo nimefunga?", sababu yake ni kwamba tendo unalolifanya kila siku kwa namna moja hufanana na la jana, na kichwa hakiwezi kuyatenganisha. Litie alama ya siku: unapogeuza kifunguo cha mtungi sema kwa sauti, "Gesi nimefunga, Jumanne, mvua inanyesha." Barabarani ukianza kuwa na wasiwasi, mvua itakujibu.

Kusahau ulichofuata stoo kusikutishe. Kichwa cha mtu mzima hushika takriban vitu vinne kwa mara moja, tena kwa sekunde chache, na kuvuka mlango kuingia mahali pengine kunaweza kukisukuma kimoja kikatoka, hasa kwa aliyebeba mengi. Tembea ukilitaja jina la kitu, "mafuta, mafuta", mpaka ukishike. Likipotea, rudi uliposimama mwanzo. Mteja na chupa yake tupu vitakukumbusha.

Kwa wakopaji, kalamu itangulie bidhaa. Andika kabla hujampa, kwa sababu akishapokea anaondoka, anaingia mwingine. Safu ziwe tarehe, jina, utambulisho, kitu, kiasi, na siku ya kulipa. Utambulisho ni muhimu kuliko jina, kwa kuwa Mama Asha mtaani wanaweza kuwa watatu: andika nyumba yake au anapofanya kazi. Kisha msomee kiasi naye akisikia. Hiyo inaokoa kumbukumbu yako, na inaokoa ujirani.

Jina jipya lirudie palepale ("karibu, Somoe"), litumie tena kabla hajaondoka, na usiku jiulize: leo nimejua jina la nani? Kujiuliza ndiko kunakojenga. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kutazama ndio waliokuwa mbele. Namba ya NIDA ihifadhi kwa njia hiyohiyo. Ina tarakimu 20, zimepangwa nane, tano, tano, mbili. Nane za kwanza unazijua tayari: mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zimebaki 12. Jifunze tano, zifunike, ziandike bila kutazama. Rudia baada ya dakika kumi, usiku, kesho, siku ya tatu, kisha wiki. Umbali huo una sababu: tangu Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885, inajulikana kwamba tunasahau kwa kasi saa za mwanzo, baadaye pole pole. Na kwa kuwa namba hiyo inaanza na tarehe ya kuzaliwa, usiifanye tarehe hiyo kuwa namba ya siri ya simu ya pesa. Aliyeona kitambulisho chako ameshaipata. Tokeni ya umeme ya LUKU nayo ni tarakimu 20, lakini hiyo usijisumbue, isomewe nne nne na mtu mwingine akibonyeza.

Hatuwezi kujua kama umechezewa, ila tunaona kwenye barua mtu mmoja anayefanya kazi za watu watatu, na hukutaja unalala saa ngapi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na ni usingizini ndipo mambo ya mchana yanapotulia kwenye kumbukumbu. Kama unalala saa sita usiku na kuamka saa kumi, anza hapo kabla ya alamu yoyote. Ginkgo usinunue. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2008, kwa wazee zaidi ya 3,000, haukuona ikizuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwa anayetumia aspirini inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Isimfikie mama mkwe.

Kusahau chanjo na kukumbuka baadaye hakufanani na ugonjwa ule unaouogopa. Dalili za kutilia shaka ni kupotea kwenye njia unayopita kila siku, kushindwa kazi uliyoizoea kama kurudisha chenji, au kuuliza swali lilelile mara kadhaa kwa siku bila kujua umeshauliza, na mara nyingi wa nyumbani huziona kabla yako. Usahaulifu unaokuja ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ni dharura ya saa ileile. Kuchanganyikiwa na homa kali ni dharura pia.

Hata bila hayo, nenda ukapimwe mara moja, kwa sababu yapo mambo yanayotibika yanayofifisha kumbukumbu: upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, sukari, huzuni iliyozidi wiki mbili, na hata mabadiliko ya hedhi kwa umri wako yanayokatisha usingizi. Dawa nazo, hasa za mafua za kusinzisha kama piriton, na za usingizi. Beba paketi za kila dawa unayotumia, zikiwemo za duka la dawa na za miti shamba. Beba daftari likiwa na matukio kama sita ya kusahau, kila moja na tarehe, saa, na ulikuwa unafanya nini. Na nenda na mtu anayekaa nawe, maana daktari atataka kumuuliza na yeye.